Bustani ya Katuni za Zamani kwa Kadibodi: Mwongozo Kamili wa Kubuni na Kujenga Kielelezo

Michoro ya bustani za burudani ninayoletewa hufanana. Katikati kuna kasri lenye minara, kulia treni ya kupanda na kuporomoka, kushoto bwawa la mashua, na mlangoni simba amesimama juu ya jabali. Rangi zimepakwa kwa ustadi. Kisha nauliza: mtoto akibanwa na haja akiwa hapa bwawani, anakimbilia wapi? Mvua ya saa tisa alasiri ikishuka, watu mia tano wanajikinga wapi? Nyanya aliyeleta wajukuu akichoka, anakaa wapi? Hapo watu huanza kukuna vichwa.

Wanaokwama hivi wanajua kuchora. Wanachokosa ni mahali pa kutembea, kwa sababu walianza na orodha ya michezo. Mwongozo huu ni wa mwalimu wa sanaa, kikundi cha vijana kinachotaka kuonyesha wazo lake, au mzazi mwenye watoto nyumbani wakati wa likizo. Ukiufuata utapata kielelezo cha sentimita 50 kwa 40, cha bustani ya ekari mbili hivi, ambacho mtu asiyekijua anaweza kukizunguka kwa kidole bila kuelezwa.

Nimeiweka bustani Kisumu, upande wa ziwani, kwa sababu jua, mvua na maji ya hapa vinakulazimisha kufanya maamuzi. Aliye Nakuru au Kakamega atabadilisha hatua ya pili, mengine yatabaki yalivyo.

## Vifaa

- Maboksi mawili makubwa ya duka, ya sabuni au mafuta ya kupikia. Chagua yasiyokunjwa kunjwa wala kulowa.
- Kipande cha plaiwudi cha sentimita 50 kwa 40. Ukikosa, gundisha kadibodi tatu, mistari ya ile ya kati ikikatiza ya nyingine ili isijipinde.
- Karatasi nne za manila, moja ya ramani na tatu za sanamu na picha.
- Kisu cha kukatia karatasi, nyembe za akiba na rula ya chuma. Rula ya plastiki italiwa na kisu siku ya kwanza.
- Gundi nyeupe ya mbao. Gundi ya moto hukauka kabla hujanyoosha ukuta.
- Plastiki angavu ya majalada ya faili, vipande vinne.
- Rangi za maji: nyeusi, nyeupe na mbili unazozitaka. Utaona kwa nini chache.
- Punje za mchele mrefu. Wa Ahero unafaa sana.
- Uzi, penseli, kifutio, na simu yenye dira na tochi.
- Gurudumu la mbele la baiskeli kuukuu pamoja na uma wake, kwa hatua ya saba.

Kipimo ni 1 kwa 200. Sentimita moja ya kadibodi ni mita mbili za ardhini. Mtu mzima wa mita 1.7 anakuwa milimita 8.5, na punje ndefu ya mchele inamkaribia. Kwa hiyo mchele ndio wageni wako. Usibadilishe kipimo katikati ya kazi kwa sababu jengo fulani limekupendeza likiwa kubwa. Kosa hilo limeharibu vielelezo vingi kuliko mvua.

## Hatua ya 1: Kusanya kumbukumbu, filamu zitafuata

Bustani ya aina hii inauza kumbukumbu, na kumbukumbu haikai ndani ya filamu peke yake. Inakaa pia kwenye chumba ambamo mtu aliitazama.

Tafuta watu watatu wenye umri wa kati ya miaka 35 na 60. Ukiwauliza walipenda katuni gani, watakutajia jina na kunyamaza. Waulize waliitazamia wapi, nani alikaa karibu nao, na kitu gani kiliwakatiza.

Kasri halitatajwa. Utasikia habari za betri ya gari iliyobebwa kwa baiskeli hadi sokoni kuchajiwa, ikaisha nguvu paka wa katuni akiwa hewani. Utasikia habari za kaka aliyetumwa nje kuzungusha antena, walio ndani wakipiga kelele: "Hapo! Hapo hapo! Aa, umepitiliza, rudisha!" Utasikia habari za televisheni ya Great Wall ya inchi 14, nyeusi na nyeupe, yenye kitambaa cha kufuma juu yake, na mlango uliojaa watoto wa jirani ambao wameacha ndala zao nje.

Sikiliza hasa hilo la nyeusi na nyeupe. Aliyetazama filamu ya rangi kwenye televisheni isiyo na rangi anaikumbuka ikiwa ya kijivu. Ukimpokea kwa waridi na samawati ya kung'aa, umempokea mtu mwingine.

Andika kila kumbukumbu kwenye kadi moja, sentensi mbili tu. Kadi isiyo na mahali wala mtu ndani yake, itupe.

Baada ya hapo chagua filamu zisizozidi tano. Za kuanzia zipo: Steamboat Willie ya 1928, yenye meli na sauti iliyofungamanishwa na picha, Popeye, baharia mla mchicha aliyeingia kwenye katuni za sinema mwaka 1933, Snow White ya 1937, Tom and Jerry, ya paka na panya, iliyoanza 1940 na ambayo mtoto wa kijijini aliielewa bila kujua neno la Kiingereza kwa kuwa ni nadra wawili hao kusema, na The Lion King ya 1994. Kwa vijana wadogo weka Tinga Tinga Tales, iliyotengenezwa Nairobi na kurushwa kuanzia 2010. Kwao hiyo tayari ni ya zamani, utake usitake.

Tahadhari. Kielelezo cha kujifunzia hakimsumbui mtu. Ukianza kutoza kiingilio, kuchapisha fulana au kutafuta mfadhili, kumbuka kwamba mhusika ana mwenyewe. Steamboat Willie ilitoka kwenye ulinzi wa hakimiliki Marekani tarehe 1 Januari 2024, lakini kilichoachiwa siku hiyo ni sura ya Mickey Mouse ya 1928 tu, na jina la Mickey linaendelea kulindwa kama alama ya biashara. Hapa Kenya hakimiliki husimamiwa na KECOBO, na alama za biashara na KIPI. Uliza huko kabla ya kuchapisha bango.

Njia iliyo salama ni kubuni wahusika wako kwa mtindo wa miaka hiyo: mikono na miguu inayopinda popote bila kiwiko wala goti, glavu nyeupe, macho meusi yenye pengo dogo la pembetatu. Mfanye mbuni. Mfanye kiboko mwenye glavu. Mtazamaji atatambua enzi hata kama hamtambui mhusika.

*Umefaulu ukiwa na:* kadi tano, kila moja ikimtaja mtu, mahali na kitu kilichokatiza.

## Hatua ya 2: Soma kiwanja kabla ya kuchora chochote

Chora mstatili wa sentimita 50 kwa 40 kwenye manila. Upande mrefu uelekee mashariki na magharibi. Weka mshale wa kaskazini. Sasa tia mambo manne, kila moja kwa penseli.

Jua. Kisumu iko karibu kabisa na ikweta, kwa hiyo saa sita mchana jua liko karibu na utosi na kuta hazitoi kivuli cha maana. Kivuli kinatoka juu: paa, turubai au mti. Asubuhi jua linatoka upande wa mjini na jioni linazama upande wa ziwa. Lango likiwa mashariki, wageni wa asubuhi wanaingia jua likiwa mgongoni mwao, na wanachokitazama kinang'aa. Picha zinatoka vizuri. Jioni wakirudi langoni jua liko mgongoni tena. Ndiyo maana jengo lako kuu linahitaji nyuso mbili, ya kuingilia na ya kutokea. Wachoraji wengi huacha mgongo wake mtupu.

Maji ya ziwa. Mwaka 2020 ziwa lilipanda, likafunika fukwe za Dunga na kwingineko kandokando yake. Chora mstari sentimita 8 kutoka ukingo wa magharibi, yaani mita 16, na usijenge kitu cha kudumu ng'ambo yake. Panda nyasi na miti hapo. Usipange mashua za watoto ziwani penyewe pia: magugumaji huziba njia kwa siku moja ya upepo, na kichocho kipo. Mashua zitaelea kwenye mfereji wako wenyewe wa maji yanayozunguka, kina cha kufika gotini. Maji yaliyotulia yatakuzalia mbu.

Mvua na radi. Ngurumo za alasiri ni jambo la kawaida pande hizi. Mnara mrefu unahitaji kinga ya radi. Andika hivyo kwenye ramani, hata kama ni ya kadibodi, kwa sababu mtu wa kaunti ataliuliza.

Udongo. Penye udongo mweusi wa mfinyanzi, ardhi huvimba ikilowa na kupasuka ikikauka. Majengo mepesi ya chini yatakusumbua kidogo kuliko kasri la mawe. Sababu hiyo peke yake ingetosha kulifuta kasri.

## Hatua ya 3: Lango moja, uwanja mmoja, njia nne

Disneyland ilipofunguliwa Anaheim, California, tarehe 17 Julai 1955, mgeni aliingia kwa lango moja, akafuata barabara moja, akafika kwenye uwanja wa mviringo mbele ya kasri, na kutoka hapo njia zikatawanyika kwenda kila ukanda. Mpango huo bado unaigwa kwa sababu unatatua mambo mengi kwa mpigo. Aliyepotea anarudi katikati. Familia zinakubaliana pa kukutana. Askari wa mlangoni anahesabu watu mahali pamoja.

Chora lango katikati ya upande wa mashariki. Kutoka hapo chora barabara ya upana wa sentimita 3, ambayo ni mita 6, hadi sentimita 18 ndani. Hapo tia mviringo wa kipenyo cha sentimita 8. Kutoka kwenye mviringo toa njia nne za sentimita 1.5, na uziunganishe kwa nje kwa njia inayozunguka, ili mtu asilazimike kurudi alikotoka.

Kila njia iwe na kitu kirefu mwishoni kinachoonekana kutoka katikati: bomba la moshi la meli, mkia wa paka, taji la mti. Mguu hufuata jicho. Njia inayopinda na kuishia kwenye ukuta wa choo haitapitiwa na mtu.

Sasa mwaga punje 50 za mchele langoni na uzisukume kwa kidole hadi katikati. Zikijazana na kupandana kwenye kona, ipanue kona hiyo sasa. Kadibodi ikishagundishwa utaona uvivu.

## Hatua ya 4: Kila ukanda, tukio moja la kuingia ndani yake

Hapa ndipo kadi zako zinafanya kazi. Usiulize filamu hii inahitaji mchezo gani. Uliza: mgeni amesimama wapi ndani ya filamu, na ana ukubwa gani?

Mfano mzuri wa kisasa ni Ghibli Park ya Japani, iliyofunguliwa Novemba 2022 katika mkoa wa Aichi. Imejengwa juu ya filamu za uhuishaji zinazopendwa, nayo haina treni za kuporomoka. Watu wanatembea msituni, wanaingia kwenye nyumba, wanafungua makabati. Kwa nchi ambayo mashine ya burudani inaagizwa kutoka ng'ambo na vipuri vyake vinasubiriwa bandarini, hilo ni somo la bure.

Huu ndio mpango wangu. Nakupa kama mfano, usiunakili.

*Barabara ya kuingilia ni Sebule.* Kila kitu ni mara mbili ya ukubwa wake wa kawaida. Kiti ambacho kingekuwa na urefu wa sentimita 45 hadi pa kukalia kinakuwa sentimita 90, na mtu mzima akikikalia miguu inaning'inia. Televisheni ndiyo lango lenyewe: unapita chini ya kitambaa cha kufuma kilichochongwa kwa bati na kupakwa rangi nyeupe. Kando kuna mlingoti wa antena. Mtoto akiuzungusha, chenga kwenye skrini zinapungua. Akipitiliza, zinarudi. Sebule nzima ni nyeusi, nyeupe na kijivu, na ndiyo sababu uliambiwa ununue rangi chache.

*Kaskazini, Bandari.* Reli ilifika hapa mwaka 1901 na mji ukakua kwa meli na garimoshi, kwa hiyo meli ya mvuke ya katuni itajiona nyumbani. Watoto wanapiga kengele, wanavuta filimbi, wanazungusha usukani, na sauti zote zinakuwa wimbo mmoja.

*Kusini, Jiko.* Paka na panya. Mgeni ana ukubwa wa panya. Sufuria ni banda la kujikinga mvua, jiko la makaa ni jukwaa, tundu ukutani ni njia ya mkato ambayo mtu mzima lazima ainame kuipita. Weka na njia nyingine ya kawaida pembeni, asiyeweza kuinama asiachwe.

*Kusini magharibi, Msitu wa Tabaka*, na *kaskazini magharibi, Uwanja wa Baiskeli*. Nitavieleza kwenye hatua zake.

Rangi zianze katikati. Kila njia inayotoka kwenye mviringo ipate rangi moja, kidogo kidogo, hadi mwisho wake. Mgeni atasikia kwamba betri imerudi na chaji.

## Hatua ya 5: Piga hesabu ya foleni

Usiiruke hatua hii kwa kuwa haina rangi.

Kila mchezo una uwezo wake kwa saa: idadi ya nafasi mara idadi ya mizunguko. Chukua mashua ya mferejini yenye nafasi 12. Safari ni dakika 3, kupanda na kushuka dakika 2, jumla 5. Kwa saa ni mizunguko 12, kwa hiyo watu 144. Foleni ikiwa na watu 100, wa mwisho anangoja dakika 42 hivi. Kwa mtoto wa miaka mitano, hiyo ni adhabu.

Una njia tatu. Ongeza mashua ya pili, ipakiwe wakati ya kwanza iko safarini. Au punguza muda wa kupanda kwa kuweka mlango wa kushukia upande wa pili. Au fanya foleni yenyewe iwe sehemu ya mchezo, jambo ambalo ni rahisi zaidi: kengele ukutani, tundu la kuchungulia, picha zinazoendelea kila baada ya hatua chache.

Mimi hujumlisha uwezo wa michezo yote kwa saa na kutaka ufike mara moja na nusu ya wageni walio ndani. Ukiwatarajia 500 kwa wakati mmoja, tafuta 750. Sebule, Jiko na Msitu, ambavyo mtu anapita kwa miguu, ndivyo vinavyookoa hesabu. Treni ya kuporomoka, kwa kelele zake zote, huchangia kidogo na kugharimu sana.

Chora foleni kwenye ramani kwa uzi. Kila mtu anachukua kama nusu mita, kwa hiyo watu 100 ni mita 50, yaani uzi wa sentimita 25. Ukunje uone unakaa wapi. Ukifika katikati ya barabara, umegundua kosa ambalo lingeonekana siku ya ufunguzi.

## Hatua ya 6: Jengo kuu, na namna ya kuhadaa jicho

Kasri la Disneyland lina urefu wa futi 77, mita 23 na ushee, lakini mtu aliye chini huliona refu zaidi. Siri ni kwamba mawe na madirisha yanapungua ukubwa kadiri yanavyopanda. Jicho linadhani yako mbali.

Jengo letu kuu ni mnara wa televisheni zilizopangwa moja juu ya nyingine, wa mita 12. Kwenye kadibodi ni sentimita 6. Fanya hivi:

1. Kata masanduku matano ya manila. La chini liwe na upana wa milimita 20, linalofuata 17, kisha 14, 11 na 8. Urefu nao upungue: milimita 17, 14, 12, 10 na 7. Ukijumlisha unapata 60.
2. Chora skrini kwenye kila sanduku, mbele na nyuma. Mbele iwe ya kijivu, kwa ajili ya wanaoingia. Nyuma iwe ya rangi, kwa ajili ya wanaotoka.
3. Wino nao upungue: mistari ya fremu iwe minene chini, myembamba juu.
4. Gundisha kuanzia chini. Ngoja kila moja ikauke kabla ya kuongeza nyingine, la sivyo mnara utaegemea.
5. Juu weka antena ya waya mwembamba. Hiyo haihesabiwi kwenye urefu.

Tahadhari. Usiweke mti mkubwa wala punje ya mchele karibu na sehemu ya juu. Kitu chenye ukubwa unaojulikana kikiwa jirani, hila yote imekufa.

Inamisha kichwa hadi jicho liwe usawa wa mchele. Mnara ukionekana mrefu kuliko rula inavyosema, umepata.

## Hatua ya 7: Baiskeli ya Picha

Hiki si kielelezo. Ni mashine halisi inayofanya kazi, na ndiyo itakayovuta watu mezani kwako. Haihitaji umeme.

Filamu ya kawaida hupitisha picha 24 kwa sekunde, lakini wachoraji wa zamani mara nyingi walichora 12 tu, kila moja ikipigwa mara mbili. Kwa hiyo picha 12 zinazozunguka mara moja kwa sekunde zinatosha kumfanya mbuni akimbie.

1. Vua tairi na mpira wa ndani. Funga uma kwenye kigingi au mguu wa meza ya zamani, ili gurudumu lilale kama meza na lizunguke bila kuyumba. Likiyumba, kaza spoku kwanza. Fundi wa baiskeli barabarani atakufanyia haraka.
2. Pima mzingo wa rimu kwa uzi. Tuseme umepata sentimita 180. Gawa kwa 12, kila picha ina sentimita 15.
3. Unganisha manila hadi zifike mzingo huo, upana sentimita 30. Upande wa nje upake nyeusi yote.
4. Kwenye nusu ya juu kata matundu 12 ya wima, yenye upana wa milimita 5 na urefu wa sentimita 10, yakiachana sentimita 15 kutoka katikati ya moja hadi katikati ya jingine.
5. Kwenye nusu ya chini, upande wa ndani, chora picha 12. Ya kumi na mbili irudi vizuri kwenye ya kwanza. Mbuni anayekimbia mahali pamoja anafaa. Mbuni anayeondoka kwenda dukani atakatika ghafla kila sekunde.
6. Funga mkanda huo kuzunguka rimu, picha zikiwa juu kidogo ya spoku. Tumia uzi, usitegemee gundi peke yake.
7. Elekeza mwanga ndani kutoka juu. Zungusha kwa mkono, mzunguko mmoja kwa sekunde, huku mtazamaji akichungulia kwenye tundu na kutazama picha za upande wa pili.

Picha zikiwa na ukungu, matundu ni mapana. Yabane hadi milimita 3. Zikiwa giza, ongeza mwanga ndani na uhakikishe nje ni nyeusi kabisa, kwa sababu weupe wa nje unalipofusha jicho. Mbuni akirudi nyuma badala ya kwenda mbele, zungusha upande mwingine, mambo yamekwisha.

Kwenye bustani yenyewe zingekuwa mashine kumi kama hii zikiendeshwa kwa pedali, na abiria wa nyuma ndiye anayechungulia. Mji huu uliwahi kusafiri kwa baiskeli za kubeba abiria. Wazee wenyewe watakaa mbele.

Tahadhari. Vidole vya watoto na spoku havipatani. Funika gurudumu kwa duara la kadibodi kutoka juu na chini kabla ya kumwita mtu yeyote.

## Hatua ya 8: Msitu wa Tabaka

Mwaka 1937 studio ya Disney ilitumia kamera iliyotazama chini kupitia vioo kadhaa vilivyopangwa kwa kuachana, kila kimoja na mchoro wake. Vioo viliposogezwa kwa kasi tofauti, msitu ukapata kina. Wewe utatumia majalada ya faili.

Kwenye plastiki ya kwanza chora majani makubwa meusi. Ya pili, mashina ya kijivu. Ya tatu, miti hafifu. Ya nne, mlima na mwezi. Zisimamishe kwenye kona ya kusini magharibi, zikiachana sentimita 1, na uweke tochi ya simu nyuma ya ya mwisho. Zima taa ya chumba na usogeze kichwa kulia na kushoto. Tabaka zikihama kwa mwendo tofauti, msitu umekuwa msitu.

Kwenye bustani, plastiki hizo ni pazia za kitambaa cheusi zilizoning'inizwa kwenye banda la mabati, na mgeni anapita kati yake. Banda hilo linakuwa pia kimbilio kubwa la mvua. Zege na mashine hazihitajiki.

## Hatua ya 9: Yale yasiyochorwa

Haya nayapitia haraka, ingawa ndiyo yanayorudisha watu mara ya pili.

Vyoo: kutoka mahali popote kwenye njia, sentimita 20 za uzi zifike kwenye choo. Hiyo ni mita 40. Weka vitatu vidogo, kimoja kikubwa hakitoshi.

Ngazi ziwe na njia ya mteremko kando, kila mita moja ya kupanda ipewe mita 12 za urefu. Mwenye kiti cha magurudumu na mama mwenye kigari cha mtoto watapita hapo hapo.

Viti viwe kivulini, vikitazama watoto wanapochezea. Mabomba ya kunawia yawe mawili urefu, la mkubwa na la mdogo. Jikoni pauzwe samaki, ugali na mchicha. Mpe Popeye haki yake.

## Hatua ya 10: Mlete mgeni

Usimwite rafiki aliyekusaidia kukata. Mwite jirani, muuza duka, mtoto wa darasa la nne. Mpe punje moja ya mchele uliyoipaka rangi nyekundu na umwambie: "Huyu ni wewe. Ingia." Kisha funga mdomo.

Tazama kidole. Kikisita mahali, weka alama. Akikuuliza "Hapa ni wapi?" usijibu, weka alama. Baada ya dakika tano mwambie mvua imeanza na uone anakimbilia wapi. Mwambie mtoto amepotea. Mwambie amebanwa.

Rekebisha penye alama mbili au zaidi. Penye moja pahifadhi kwanza, huenda ni mtu huyo tu. Rudia na mgeni mwingine hadi mmoja amalize mzunguko bila kuuliza na, akiwa kwenye Sebule, aanze mwenyewe kukusimulia habari za antena ya kwao.

Kwa kusafirisha, tengeneza boksi lenye kina cha sentimita 12, fungia mnara kwa karatasi laini, na ondoa mchele wote, maana panya hawajali sanaa. Kielelezo kibebwe mapajani kikiwa kimelala. Kondakta akishikilia kiende kwenye buti, lipia kiti cha pili.